Rosa Bonheur: Mchoraji Aliyefundishwa Kusoma kwa Wanyama

Hapana mwalimu wa madarasa ya chini asiyemjua mtoto wa namna hii. Hukaa nyuma ya darasa, herufi hazimwingii, na akiulizwa irabu huinamisha kichwa. Lakini lifungueni daftari lake kwa upande wa mwisho: mna mbuzi, mna kuku na vifaranga vyake, mna mbwa aliyelala kivulini, na kila mmoja amechorwa hata anakaribia kutoka katika karatasi. Aghalabu mwalimu hukasirika, akalichukua daftari, na pengine akaadhibu. Katika makala hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu historia ya mtoto mmoja wa namna hiyo, aliyezaliwa Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Historia yake ni ya sanaa na ya mapenzi kwa wanyama; lakini mwanzo wake ni somo la kusoma, na kwa hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha lugha.

Rosa Bonheur alizaliwa tarehe 16 Machi 1822 katika mji wa Bordeaux. Baba yake, Raymond Bonheur, alikuwa mchoraji na mwalimu wa uchoraji. Mama yake, Sophie, alifundisha piano. Rosa alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne. Tangu udogo wake alipenda kushika penseli na kuchora alichokiona, lakini kusoma kulimshinda. Mama yake hakumpiga wala hakumwita mjinga. Alitafuta mlango ambao akili ya mwanawe ilikuwa imekwisha kuufungua, naye akapitia humo humo: alimwambia achore mnyama mmoja kando ya kila herufi. Kwa Kifaransa jina la punda huanza kwa A, la maksai huanza kwa B, na la paka huanza kwa C. Basi herufi ambazo jana zilikuwa mikwaju mitupu zikapata masikio, pembe na mkia. Mtoto akajua kusoma. Rosa hakuisahau hila hiyo njema, na katika uzee wake aliisimulia kwa shukrani.

Baadaye jamaa hiyo ilihamia Paris, na huko maisha yakawa magumu. Raymond alijiunga na wafuasi wa Saint-Simon, watu waliohubiri mpango mpya wa jamii, na ambao miongoni mwa mafundisho yao ilikuwamo imani kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume. Mafundisho hayo yalimfaa Rosa maisha yake yote, lakini hayakuleta chakula mezani. Mama alibaki na mzigo wa nyumba, akifundisha muziki mchana na kushona usiku, hata akafariki mwaka 1833 kwa uchovu na umaskini. Rosa alikuwa na umri wa miaka 11 tu.

Baada ya msiba huo, mtoto hakutulia. Alifukuzwa shule zaidi ya moja kwa utundu; akapelekwa kwa fundi wa kushona nguo, nako akashindwa. Hatimaye baba yake alikubali jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote, akamfundisha uchoraji yeye mwenyewe. Alimpa kwanza vitu vya kuiga, kisha akamwambia aache kuiga na atazame viumbe vilivyo hai. Rosa alikwenda katika jumba la makumbusho la Louvre kunakili kazi za mabingwa wa kale, na alikwenda pia mashambani nje ya mji kuwatazama ng'ombe na kondoo. Nyumbani kwao, ghorofani katikati ya Paris, walifuga hata kondoo. Na inasimuliwa kwamba ndugu yake Isidore alikuwa akimbeba mnyama huyo mabegani kumshusha ngazi ili akale majani, kisha akampandisha tena. Watoto wote wanne wa nyumba hiyo walikuja kuwa wasanii, na wote walijulikana kwa kazi zao za wanyama.

Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 19, Rosa alionyesha kazi zake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makuu ya Paris yaliyoitwa Salon. Moja ya picha zake ilikuwa ya sungura wawili wakitafuna karoti. Mwaka 1848 alipata nishani ya dhahabu, na serikali ikamwagiza picha kubwa ya maksai wakivuta majembe, ambayo ilionyeshwa mwaka 1849 na leo imo katika makumbusho ya Orsay. Mtu akiitazama huona kwamba wakulima wako kando, na walio katikati ni wanyama. Jicho la maksai mmoja limeelekea kwetu, limechoka lakini halina unyonge. Mnyama huyu hakuchorwa kama pambo la shamba. Amechorwa kama mfanya kazi mwenye uso wake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1849 Raymond Bonheur alifariki. Wakati wa kufa kwake alikuwa mkuu wa shule ya bure ya uchoraji kwa wasichana mjini Paris, na Rosa akashika mahali pake, akisaidiwa na dada yake Juliette. Aliiongoza shule hiyo mpaka mwaka 1860. Ili tuelewe uzito wa kazi hiyo, yafaa tukumbuke kwamba chuo kikuu cha sanaa cha Ufaransa kilikuwa kimewafungia wanawake mlango, na hakikuwafungulia mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo binti wa maskini aliyekuwa na kipaji hakuwa na pa kwenda ila shule kama hii, ambayo ilimpa ujuzi wa mkono usiodai karo. Rosa mwenyewe aliwahi kuwa mtoto asiyefaa shule yoyote. Sasa alisimama mbele ya darasa. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na twakubali. Lakini maisha ya mchoraji huyu yatukumbusha kwamba kabla ya kumkunja samaki ni lazima tujue amelala upande gani.

Tusidhani kwamba mapenzi kwa wanyama yalikuwa jambo la kawaida katika zama hizo. Miji ya Ulaya ilitembea kwa miguu ya farasi, na farasi aliyechoka alipigwa njiani mbele ya watu hata akaanguka. Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia watu kuwatesa mifugo mwaka 1822, mwaka ule ule aliozaliwa Rosa, na miaka miwili baadaye kikaundwa mjini London chama cha kuwalinda wanyama. Chama kama hicho kiliundwa Paris mwaka 1845. Tarehe 2 Julai 1850 Ufaransa nayo ilipata sheria, iliyoitwa kwa jina la Jenerali de Grammont aliyeipendekeza, ambayo ilimtoza faini au kumfunga siku chache yeyote aliyemtesa hadharani mnyama wa kufugwa. Adhabu ilikuwa ndogo, na mateso ya sirini hayakuguswa. Lakini kwa mara ya kwanza maumivu ya farasi yaliandikwa katika sheria za nchi hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo Rosa alikuwa akienda mara mbili kwa wiki katika mnada wa farasi wa Paris, akichora. Alivaa suruali ili madalali na wachungaji wasimsumbue. Na kwa kuwa amri ya mwaka 1800 ilimkataza mwanamke kuvaa mavazi ya kiume bila ruhusa, ilimbidi apate kibali cha polisi na kukifanya upya kila miezi sita. Matunda ya kazi hiyo ni picha ya Mnada wa Farasi, iliyoonyeshwa mwaka 1853, yenye upana wa mita 5 na zaidi na kimo cha karibu mita 2 na nusu. Farasi wanazunguka, wanapandisha miguu, wanabishana na kamba. Picha hiyo ilimpatia sifa Ulaya nzima. Malkia Victoria wa Uingereza alitaka aione. Na mwaka 1887 Cornelius Vanderbilt aliinunua na kuitoa zawadi kwa makumbusho ya Metropolitan mjini New York, ambako ipo hata leo.

Kwa fedha za jasho lake Rosa alinunua nyumba kubwa katika kijiji cha By, kando ya msitu wa Fontainebleau, akahamia huko mwaka 1860 pamoja na rafiki yake Nathalie Micas. Huko ndiko alikowakusanya wanyama aliowapenda: mbwa, farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe, kulungu, nyani na ndege, na baadaye hata simba. Mmoja wao, simba jike aliyeitwa Fathma, alimzoea hata akamfuata bustanini. Mwaka 1865 Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon III, alifika mwenyewe By kumvika nishani ya Legion ya Heshima. Rosa alikuwa mwanamke msanii wa kwanza kuipata.

Hata hivyo, hatupendi kumfanya malaika. Ili ajue mifupa na misuli, Rosa alikwenda machinjioni na kusimama katikati ya damu, akiwachora wanyama ambao hakuweza kuwaokoa. Na simba aliyeletwa kuishi Ufaransa kwa ajili ya mchoraji, hata akipendwa namna gani, si simba huru. Mwalimu anayeisimulia habari hii darasani asilifiche jambo hilo. Alitoe liwe swali. Je, kumpenda mnyama ni kumweka karibu nasi, au ni kumwachia mahali pake? Paka wa njiani aliyevunjika mguu anahitaji mkono wa mtu. Simba wa mbugani anahitaji mbuga. Watoto wataweza kulijadili swali hili, na watapata humo Kiswahili cha kutosha kwa vipindi viwili.

Rosa Bonheur alifariki By tarehe 25 Mei 1899. Nyumba na kazi zake alimwachia Anna Klumpke, mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa mwenzi wake wa miaka ya mwisho, naye aliandika habari za maisha yake. Baadaye mitindo ya sanaa ikabadilika, na jina lake likafifia kwa muda mrefu. Siku hizi limerudi: nyumba ya By ilipata mmiliki mpya mwaka 2017 na imefunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2022, miaka 200 tangu azaliwe, Bordeaux na Paris ziliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake.

Sasa turudi darasani kwetu. Wengi wetu twafundisha Kiswahili kwa watoto waliokuja shuleni na lugha nyingine ya nyumbani, na hila ya Sophie Bonheur yafaa kwao pia. Mtoto asiyetofautisha sauti mbili zilizo jirani amchore ngamia kwa ng, na ng'ombe kwa ng'. Amchore nyoka kwa ny, na chura kwa ch. Akimaliza atakuwa na kitabu chake mwenyewe, ambacho hakikununuliwa dukani.

Lakini wanyama wana somo jingine la ndani zaidi, nalo ni la ngeli. Mwanafunzi mgeni husema "kifaru kimelala", kwa kuwa amefundishwa kwamba ki- hufuatwa na ki-. Sisi humsahihisha: kifaru amelala. Hali kadhalika kiboko anaoga, kipepeo anaruka. Kifaru cha jeshi hukwama, nasi husema kimekwama. Kifaru wa mbugani akikwama, twasema amekwama. Ndege ya abiria imetua. Ndege wa mtini ametua. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili, kinapofika kwa kiumbe mwenye pumzi, huliacha umbo la jina na kukitazama kiumbe chenyewe, kikampa kiambishi kile kile cha mwalimu, mtoto na mfalme. Mtoto akiuliza sababu, tumweleze hivyo. Pengine jioni, atakapookota jiwe kumtupia punda wa jirani, atakumbuka kwamba punda yule huitwa "yeye", wala haitwi "hicho".

Twafahamu kwamba sarufi peke yake haimzuii mtu kutupa jiwe. Punda wetu wangali wakibebeshwa kupita kiasi, kisha tukawalaumu kwa methali kwamba shukrani yao ni mateke. Lakini maneno huandaa moyo, na mkono uliozoea kumchora mnyama kwa uangalifu, sikio baada ya sikio, unyoya baada ya unyoya, ni vigumu kumdhuru. Kumchora kiumbe ni kumtazama kwa muda mrefu. Na aliyemtazama punda kwa muda mrefu ameona jicho lake.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, mtakapolikuta daftari lile lenye mbuzi na kuku katika kurasa za mwisho, msiharakishe kuzichana. Kaeni karibu na mwenye daftari, mwulizeni jina la mbuzi yule, kisha mwandike pamoja.