Papwa Sewgolum, Bingwa Aliyefungiwa Milango

Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, alikuwa mcheza gofu wa kulipwa wa Afrika Kusini katika miaka ya 1950 na 1960. Alizaliwa Durban katika jamii ya Wahindi wa Natal, iliyotokana kwa sehemu kubwa na vibarua wa mikataba walioletwa kuanzia 1860 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Familia yake ilikuwa maskini, naye hakujua kusoma wala kuandika. Gofu aliijua akiwa kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji, katika klabu ya Beachwood. Makedi wasio Wazungu waliukanyaga uwanja kila siku kwa kazi, lakini klabu hazikuwapokea kama wanachama.

Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, Papwa aliushika mchezo kwa namna yake. Mchezaji anayepiga kwa upande wa kulia huweka mkono wa kushoto juu, karibu na mwisho wa mpini wa fimbo, na wa kulia chini yake. Papwa alifanya kinyume: wa kulia juu, wa kushoto chini. Ni mshiko ambao walimu wa gofu huwakataza wanafunzi tangu somo la kwanza, maana mikono hupishana vibaya fimbo inapoinuliwa. Kwake ulikaa sawasawa, na mipira ilikwenda alikoitaka. Alitamba katika mashindano yaliyotengwa kwa wasio Wazungu, ambayo zawadi zake zilikuwa ndogo mno kumtunza mtu na familia yake.

Aliyemfungulia njia ya Ulaya ni Graham Wulff, mkemia aliyebuni mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, ambaye Papwa aliwahi kumbebea mikoba. Mwaka 1959 Wulff alimsaidia kusafiri, na mwaka huohuo Papwa akashinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi. Alilitetea taji hilo 1960, kisha akalitwaa mara ya tatu 1964. Mtu anaweza kubahatisha ushindi mmoja. Mara tatu dhidi ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya si bahati.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1963 aliruhusiwa kushiriki Mashindano ya Wazi ya Natal katika klabu ya Durban Country Club, akiwakabili Wazungu zaidi ya mia moja. Aliwashinda wote. Ulipofika wakati wa kukabidhi zawadi mvua ilikuwa inanyesha, lakini jengo la klabu lilikuwa la Wazungu peke yao. Bingwa akapokea kombe nje, mvuani, huku wale aliowashinda wakiwa ndani. Picha ya tukio hilo ilisambaa duniani, na wapinzani wa ubaguzi wa rangi wakapata ushahidi usiohitaji maelezo walipodai Afrika Kusini itengwe kimichezo.

Miaka miwili baadaye, 1965, Papwa alishinda tena mashindano hayo ya Natal, safari hii akimpita Gary Player, nyota Mzungu wa Afrika Kusini. Uzito wa ushindi huo unaonekana vizuri ukikumbuka kwamba ndani ya mwaka huohuo Player alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani na kukamilisha mataji yote manne makubwa ya gofu. Serikali haikuvumilia. Papwa alizuiwa kucheza katika mashindano ya nchini, kisha akanyang'anywa pasipoti, hivyo hata Ulaya, alikokuwa ameshalijenga jina, hakuweza kurudi. Mchezaji wa kulipwa huishi kwa zawadi za mashindano. Kumzuia kushiriki ni kumnyima riziki. Ajira yake ilikatwa kwa amri, kiwango chake kikiwa bado kizuri, na dhuluma hiyo haina jina la upole.

Papwa alikufa mwaka 1978, akiwa fukara na hajatimiza miaka 50. Utawala wa ubaguzi ulipoondoka, Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Ikhamanga, ambayo hutolewa kwa waliotia fora katika sanaa na michezo. Durban upo uwanja wa gofu wa umma unaoitwa Papwa Sewgolum, kando ya mto Umgeni.