Uso wa Mtu Mwema

Mwaka 1943 Billy Wilder, mwongozaji aliyewakimbia Wanazi na kupata hifadhi Marekani, alikuwa na mchezo uliokwisha kuandikwa lakini hana mtu wa kuucheza. Mchezo wenyewe ni Double Indemnity, alioutunga pamoja na Raymond Chandler kutokana na riwaya ya James M. Cain. Walter Neff, wakala wa bima, anamuua mteja wake ili ampate mke wa marehemu na fedha za bima, ambazo hulipwa maradufu kifo kikiwa cha ajali ya aina fulani, kama ya gari moshi. Tangu mwaka 1935 ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia maadili ya sinema, ilikwishaonya kwamba hadithi hiyo haifai.

Waigizaji kadhaa walikataa. George Raft, aliyezoea kucheza majambazi, aliuliza (hivyo ndivyo Wilder alivyosimulia) ni wapi Neff atageuza ukosi wa koti na kuonesha beji ya polisi. Alipoambiwa beji haipo, akajitoa.

Ndipo Wilder alipomwendea Fred MacMurray, mpiga saksafoni wa zamani, kijana mtanashati wa vichekesho vya mapenzi. Mwenyewe alidai kazi hiyo haiwezi. Wilder hakumwacha.

Kukataa kwa Raft kuliiokoa filamu. Yeye angeingia mlangoni tu, hadhira ingemjua kuwa muuaji na kukaa mbali naye. MacMurray aliingia na tabasamu la muuza bima, na watu wakamfuata kabla hawajajua wanakopelekwa. Maiti imekwisha kulazwa relini, wauaji wamo garini, gari haliwaki. Mtazamaji anajikuta anaomba liwake. Ni hapo, khasa, anapogundua kwamba naye amekuwa mshirika.

Barbara Stanwyck naye aliogopa kucheza mke muuaji asiye na chembe ya huruma. Akakubali, akavaa wigi ya rangi ya dhahabu ambayo hata kipofu angeijua kuwa ya bandia. Na Edward G. Robinson, jambazi wa Little Caesar ya mwaka 1931, akageuzwa kuwa Keyes, mpelelezi mwadilifu wa madai ya bima.

Filamu ilitoka mwaka 1944, ikapendekezwa kwa tuzo saba za Oscar, isipate hata moja. Going My Way, hadithi ya padri mwimbaji, ndiyo iliyoshinda. MacMurray hakutajwa kabisa. Alirudi kwenye vichekesho, mpaka Wilder alipomwita tena acheze bosi mnafiki katika The Apartment ya mwaka 1960. Mwaka huo huo akaanza kuwa baba mpole wa televisheni katika My Three Sons, hadi 1972.

Wilder alikwisha kupiga picha za Neff akiuawa katika chumba cha gesi, kwa gharama kubwa, kisha akaziondoa. Akaacha kizingiti cha mlango tu. Katika filamu nzima Neff ndiye anayemwashia Keyes biri yake. Hapo Neff ameanguka, anavuja damu, kiberiti kimemshinda, na Keyes anainama kumwashia sigara.