make -j: historia fupi ya kujenga programu sambamba

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie amri fupi sana: make -j4. Hiyo 4 inaiambia kompyuta iendeshe hadi kazi nne kwa wakati mmoja inapojenga programu. Wengi wetu tumeshaona kioja hiki: ukiandika make peke yake, programu inajengeka bila shida. Ukiongeza -j4, inakataa. Ukirudia, inakubali! Basi watu husema -j ni mbovu, wanaitoa na kuendelea na maisha. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi mbovu ni Makefile.

Turudi mwaka wa 1976, Bell Labs, Marekani. Steve Johnson, yule aliyeandika yacc, aliingia kwa hasira ofisini mwa Stuart Feldman. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta hitilafu ambayo alikuwa ameshairekebisha, kumbe faili yenyewe haikuwa imekompailiwa upya. Feldman naye alikuwa amesumbuliwa na jambo kama hilo jioni iliyotangulia. Ndipo akaandika Make. Unaorodhesha kila faili inategemea zipi, nayo Make inalinganisha tarehe na kujenga zile tu zilizopitwa na wakati. Mwaka wa 2003 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya ACM.

Angalia jambo moja hapo. Makefile haisemi "fanya hiki kwanza, kisha kile." Inasema "hiki kinahitaji kile." Vitu viwili visivyohitajiana vinaweza kujengwa pamoja. Kwa hivyo usambamba ulikuwa umejificha humo tangu mwanzo.

Fikiria pilau. Mpishi mmoja hahitaji kuandikiwa kwamba vitunguu viive kabla ya mchele kuingia, kwa sababu anafuata mazoea yake. Lete wapishi wanne wasiojuana, uwape karatasi isiyotaja vitunguu, na kuna siku mchele utatangulia. Kosa liko kwenye karatasi, na lilikuwepo hata alipopika mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Adam de Boor aliandika PMake kwa ajili ya mfumo wa Sprite. Sprite iliweza kuhamishia kazi kwenye kompyuta nyingine za mtandao zilizokuwa zimekaa bure. Kukompaili programu kubwa kulifaa sana kwa mtindo huo.

GNU Make nayo ikawa na -j, lakini miradi mingi ilikuwa na Makefile katika kila saraka, make moja ikiita nyingine. Je, kila moja ianzishe kazi zake nne? Mashine ingezidiwa. Toleo la 3.78 la mwaka wa 1999 lilileta suluhisho zuri: make zote zinagawana fungu moja la tiketi. Ukitaka kazi ya ziada unachukua tiketi, ukimaliza unairudisha. Hata hivyo, mwaka wa 1997 Peter Miller alikuwa ameshaandika makala akionya kwamba mtindo huo wa saraka hukatakata ramani ya utegemezi, hivyo hakuna make moja inayoiona yote.

Kwa muda mrefu haya yalikuwa mambo ya wenye mashine kubwa. Kisha mwaka wa 2005 Intel na AMD zikaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida za mezani, na -j ikawa ya kila mtu.

Upande wa Java, Maven 3.0 ya mwaka wa 2010 ilileta -T. Hapa kuna tofauti. Make huanzisha programu zinazojitegemea, kila moja na kumbukumbu yake. Maven hutumia nyuzi ndani ya programu moja, na nyuzi hizo hushiriki kumbukumbu. Kwa hiyo hata ukiorodhesha utegemezi wote, programu-jalizi isiyoandikwa kwa ajili ya nyuzi inaweza kuharibu kazi ya jirani. Ndiyo maana Maven hutoa onyo inapokutana na ambayo haijatangazwa kuwa salama.

Tusisahau pia hesabu iliyotokana na hoja ya Gene Amdahl ya mwaka wa 1967. Ikiwa ujenzi unachukua dakika 10, na dakika 1 ya kuunganisha haigawanyiki, hata viini 100 havitakushusha chini ya dakika hiyo 1.

Mwaka wa 2022 GNU Make 4.4 ilileta --shuffle, ambayo huvuruga kwa makusudi mpangilio wa kazi ili utegemezi usioandikwa ujitokeze. Ijaribuni kwenye miradi yenu. Ikikataa, msiizime. Fungueni Makefile mwongeze ule mstari uliosahaulika, kwa sababu bila huo hata make ya kawaida inaweza kuacha faili ya zamani ndani ya programu mpya. Johnson alipoteza asubuhi nzima kwa jambo hilohilo.