UZI: Manyatta ya TB ya Wajir na lile swali la "NGO zinafanya kazi ya serikali"

1/ Kila msimu wa bajeti na kila msimu wa kampeni, ubishi huu unarudi humu. Upande mmoja: "Kaskazini Mashariki tumeishi kwa huruma ya mashirika, serikali haijawahi kufanya chochote." Upande wa pili: "Mashirika ndiyo yamewazoesha kupewa." Mimi nasomea sayansi ya siasa na kwetu ni Garissa, na nimechoka kusoma matusi ya pande zote mbili. Wacha tuangalie historia ya mradi mmoja tu wa afya. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Kwanza mazingira. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa ndani ya ile NFD ambayo wakoloni waliifunga, kuingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ukaja Desemba 1963, na mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Ilidumu mpaka 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 hivi bado anaishi chini ya sheria ambazo Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuzijua.

3/ Halafu ongeza Waraka Nambari 10 wa 1965, ule wa sera ya uchumi. Ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ndipo faida isambae kwingine. Sisi tulikuwa hiyo "kwingine". Kwa hivyo mtu akisema kutengwa ni hadithi ya vijiweni, mwambie asome huo waraka. Ni sera iliyoandikwa na kuchapishwa.

4/ Sasa mradi. Mwaka 1969 alikuja Kenya mwanamke Muitaliano kutoka mji wa Forlì, Annalena Tonelli. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa na shahada ya sheria na alifika Wajir kama mwalimu. Nyuma yake kulikuwa na kamati ya watu wa kawaida wa Forlì waliokuwa wakichanga pesa za kupambana na njaa. Mambo ya tiba alisomea baadaye, baada ya kuona ni nini kinaua watu.

5/ Kilichokuwa kinaua ni TB. Na shida haikuwa kukosa dawa peke yake. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji anafuata mvua na malisho. Akipata nafuu baada ya wiki chache, anaona amepona, anarudi kwa ngamia wake. Ugonjwa unarudi, mara nyingine ukiwa sugu kwa dawa. Juu ya hapo kuna aibu: TB ilikuwa ya kufichwa, manake ikijulikana familia nzima inanyooshewa kidole. Maofisa wengi walihitimisha hivi: wafugaji hawatibiki, hawakai mahali.

6/ Mwaka 1976 ukaanza mradi wa majaribio Wajir, ukihusisha Shirika la Afya Duniani, na Tonelli ndiye aliyeusimamia. Wazo lenyewe rahisi sana: badala ya kumlaza mgonjwa wodini, mpe uwanja. Ajenge kibanda cha miti na mikeka, kama kile anachojenga malishoni. Akae pale miezi 6. Kila siku anameza dawa mbele ya mhudumu, anaonekana kwa macho. Akimaliza, anavunja kibanda na kwenda zake. Hiyo ndiyo manyatta ya TB.

7/ Hiyo miezi 6 ilitoka wapi? Watu wengi hawajui hii. Ni utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndio ulioonyesha kwamba ukitumia dawa kama rifampicin, matibabu yanaweza kufupishwa. Kwa hivyo si kwamba elimu yote ilitua na ndege kutoka Ulaya. Wagonjwa wetu walichangia miili yao kwenye hiyo elimu.

8/ Tahadhari kidogo: mtaona watu wakiandika kwamba DOTS, ule mfumo wa dunia wa kumeza dawa mbele ya mhudumu, ulizaliwa Wajir. Tusizidishe chumvi. Madras kule India walikuwa wakichunguza mambo haya tangu miaka ya 1950. Tanzania ilijenga mpango wa taifa zima mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na Karel Styblo, na huo ndio ulikuwa mfano mkubwa wakati Shirika la Afya Duniani lilipotangaza DOTS katikati ya miaka ya 1990. Kile Wajir ilifanya ni kuua kisingizio. Ilionyesha kwamba mfugaji anamaliza dawa, mradi huduma ipangwe kulingana na maisha yake.

9/ Mfumo ukaenea, Garissa nayo ikapata manyatta yake, na mwishowe ukaingia katika mpango wa serikali wa TB. Leo ukimwambia dereva wa tuktuk akupeleke "TB Manyatta", anakupeleka kituo cha afya cha umma. Weka hapa alama, nitarudi.

10/ Februari 1984: Wagalla. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakakaa siku kadhaa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji wanahesabu kwa mamia na zaidi, na mpaka leo hakuna idadi ambayo wote wameikubali. Tonelli na wenzake walikusanya maiti na kutibu majeruhi, na habari zikatoka nje. Mwaka 1985 akafukuzwa nchini.

11/ Alienda Somalia, kisha Borama, Somaliland, akafungua hospitali nyingine ya TB. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya UNHCR. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi Borama akafa.

12/ Sasa rudi kwenye ile alama. Mwanzilishi alifukuzwa, lakini manyatta ilibaki. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa imesimama juu ya mtu mmoja. Kulikuwa na wahudumu wenyeji, na kulikuwa na mfumo wa umma wa kuipokea. Shirika huishi kwa kibali. Likiona ubaya likasema, kibali kinaondoka. Likinyamaza, linabaki lakini heshima inaisha.

13/ Kwa wale wa "serikali haijafanya chochote": kutengwa ni kweli, ila mradi huu umedumu kwa sababu uliingia serikalini. Kwa wale wa "wamezoea kupewa": mtu anayeacha mifugo yake miezi 6 na kumeza dawa kila siku amelipa, tena ghali.

14/ Leo je? Afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Kifungu cha 204 cha Katiba kilitenga asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa miaka 20 kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, afya ikiwemo, na pesa zenyewe zimechelewa miaka na miaka. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa nchi nzima. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na kliniki nyingi zikatikisika.

15/ Kwa hivyo akija mtu kuomba kura, usimuulize kama anapenda mashirika. Muulize hivi: mfadhili akiondoka kesho, mshahara wa mhudumu uko kwenye mstari gani wa bajeti? Na familia ikihama kufuata mvua, dawa inaifuata vipi? Asipojibu haya mawili, mengine yote ni mikutano tu.

Mwisho wa uzi. Maswali niachieni hapa chini. Matusi bakini nayo.