Malaika ni ya nani? Kwanza tumjue Fadhili

Juzi nikiwa kwa matatu, Voi kwenda Wundanyi, niliuliza abiria swali moja: nani aliimba Malaika? Watatu wakasema Miriam Makeba. Jamaa wa nyuma akasema Boney M. Fadhili William hakutajwa na mtu hata mmoja. Wasee, hapa hapa Taita!

Na jina lake kamili lenyewe linasema kila kitu: Fadhili William Mdawida. Mdawida, yaani Mtaita. Alizaliwa Taita Taveta mwaka wa 1938, akaenda kutafuta muziki Nairobi, akapiga na Jambo Boys, halafu akaongoza Equator Sound Band, bendi moja na Daudi Kabaka. Anajulikana kama mtu wa kwanza kurekodi Malaika, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kijana amependa, anataka kuoa, mfuko hauna kitu. Si ni sisi hao?

Baadaye wimbo ukasafiri kumshinda mwenyewe. Makeba aliuimba kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya 1965, albamu iliyoshinda tuzo ya Grammy. Mwaka wa 1981 Boney M nao wakautoa. Dunia nzima ikaujua.

Najua kuna mtu atanirukia: "Lakini Fadhili hakuutunga!" Sawa, ubishi upo, na ni wa miaka mingi. Mtanzania Adam Salim alisema ni wake. Lucas Tututu na Grant Charo pia wametajwa. Mimi si hakimu. Lakini kutunga na kurekodi ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili hakuna anayemnyang'anya. Sasa mbona tumemnyima hata hiyo?

Labda nina uchungu wangu. Kuna ukurasa mkubwa ulichukua video yangu ya stesheni ya Voi, ukakata jina langu, ukavuna watazamaji. Nilinuna wiki nzima, na ilikuwa video ya sekunde 40 tu! Fadhili aliishi miaka Marekani, akarudi, akafariki Nairobi mwaka wa 2001, na bado tunabishana.

Kwa ile matatu niliwawekea rekodi yake kwa simu. Dereva akazima redio. Mama mmoja aliyekuwa anashukia Mwatate akasimama mlangoni, kikapu mkononi, akaniuliza, "Kumbe huyu ni mtoto wa kwetu?"