Mto Rusizi: Mpaka na Mali ya Pamoja



Askari aliyewekwa lindo mpakani, karibu na mji wa Kamembe, huona chini yake mto mwembamba utokao Ziwa Kivu, na ng'ambo huona taa za Bukavu. Ana haki ya kuuita mto huo mpaka. Hata hivyo historia ya Rusizi ina mengi zaidi ya hayo.

Maji ya Kivu hayakupita hapa tangu awali. Zamani yalielekea kaskazini, hata milima ya moto ya Virunga ilipoliziba bonde, nayo yakajaa yakatafuta njia ya kusini. Leo hushuka zaidi ya mita 680 katika mwendo wa kilomita 117 hivi, kwanza kwa kasi katika magenge, kisha katika tambarare ya Bugarama, hadi Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1761 Waingereza walifungua mfereji wa Bridgewater, ili mashua zilizokokotwa na wanyama zipeleke makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo ya Worsley. Mfereji kama ule hutaka maji yaliyotulia. Rusizi haufai kwa mashua za mizigo, kwani magenge hayaruhusu. Faida yake imo katika huko kuporomoka.

Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya, baada ya miaka mingi ya kugombania Kivu, waliufanya mto huu kuwa mpaka kati ya himaya ya Wajerumani na ile ya Wabelgiji. Wenyeji wa kingo zote mbili hawakuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likajengwa bwawa la umeme la Rusizi ya Kwanza. Mwaka 1976, huko Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Na mwaka 1989 Rusizi ya Pili, mali ya nchi hizo tatu, ikaanza kutoa umeme.

Jumuiya hiyo ilizorota katika vita vya miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2007. Vita vimerejea Kivu mara nyingi, lakini jambo moja halikubadilika: maji yazungushayo mitambo ya juu ndiyo yazungushayo ya chini. Yakizuiwa juu, mitambo ya chini husimama, na giza halichagui raia wa nchi gani.

Kwa hiyo, ndugu askari, mlindapo Rusizi dhidi ya adui na magendo, kumbukeni kwamba mnalinda pia taa ya hospitali na mashine ya kusaga ya jirani. Mitambo hiyo ikivunjwa, hakuna upande utakaojihesabu kuwa umeshinda.