Vina vya Mtambwe

Leo naweka historia kidogo, maana rafiki zangu wa bara wameniuliza tena: huko Wete kuna nini cha kumfanya mtu ashike kalamu? Jamani, kuna pesa zenye vina!

Likizo hii nilipanda daladala mpaka Chake, kiasi cha kilomita 30, kuangalia Makumbusho ya Pemba. Yamo ndani ya ngome kongwe ya wakati wa Waarabu wa Omani, karne ya 18, na sehemu yake ilibomolewa kupisha hospitali. Ni pahala padogo, lakini unatoka na habari za miji yetu ya kale: Ras Mkumbuu, Pujini kwa Mkama Ndume, Chwaka kule Tumbe, na Mtambwe Mkuu. Huo wa mwisho ndo ulonikamata, maana ni ng'ambo tu ya maji kutoka bandari yetu ya Wete.

Mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta Mtambwe sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu za dola ya Fatimiya. Zile za fedha ni ndogo mno, za karne ya 11 hivi, na zina majina ya watawala wa pwani hii, kama Ali bin al-Hasan. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ni Kiarabu, na pande zote mbili zinaishia kwa sauti moja. Geuza sarafu, upate kina!

Sisemi ushairi wetu umetokana na sarafu. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba wa karne ya 19, wana njia yao. Ninachosema ni kuwa watu wa hapa walitaka hata pesa isomeke vizuri. Skuli tulikariri vina na mizani kama sheria za barabarani, na wengi wetu tukaona ushairi ni wa mtihani tu. Kumbe mtu alikuwa nao mfukoni akienda sokoni!

Nimeshaandika beti mbili. Na mwakani nikienda mazoezi ya kufundisha, somo la vina ntaanza na sarafu, kitabu baadae.

Nani anakuja Mtambwe? Tunangoja maji yapwe tu.